Barua Zilizokwenda Turffontein

Kila tulipopita kwenye roboti ya kona, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, pale inapoanzia kanda, kulikuwa na mwanga mdogo. Si mwanga wa kutisha. Ni kama mtu amepepesa jicho jeupe juu ya nguzo, basi. Mjomba Othmani alikuwa hauoni kwa sababu yeye hutazama barabara. Mimi nilikuwa nauona kwa sababu kazi yangu ndani ya gari ilikuwa kukaa tu.

"Mjomba, imetupiga picha tena."

"Ipige. Picha za gari bovu kama hili itaziweka wapi?"

Ilikuwa miezi minne tangu wabandike vile vibao vya kijani vyenye jani kuuzunguka mtaa wetu wa Mayfair. Kanda ya hewa safi. Gari la zamani la dizeli lisiingie, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mimi nimeishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha dukani, lakini lile bango nililisoma neno kwa neno, na chini kabisa liliandikwa kwamba mwenye gari ataletewa barua. Nikamwambia mjomba. Akaingoja barua wiki mbili, roho juu. Haikuja. Mwezi ukaisha, haikuja. Akaamua kwamba kamera ile ni sanamu.

"Wameiweka kutishia kunguru," akasema, akaendelea kuendesha.

Lilikuwa Land Cruiser la mgongo mrefu, limenizidi umri. Mjomba alilinunua kwa mkulima mmoja wa Limpopo, na siku nyingi alipakia mitumba akaipeleka vijiji vya huko, ambako barabara ni mawe na mchanga na gari dogo halifiki. Lakini sisi watu wa Tanga na Dar na Unguja tulio huku kusini tulilijua kwa kazi nyingine. Lilibeba maiti. Asiye na chama cha mazishi, asiye na ndugu, aliyefia chumbani peke yake: mtu anampigia Othmani. Viti vya nyuma aliving'oa, jeneza linalala lote na mlango unafungika. Hakuchukua hata senti. Na kwetu maiti hangojeshwi. Akifa alfajiri, ikifika alasiri awe ameshalala ardhini. Marehemu akiwa mwanamke nilikwenda na mjomba kumchukua hospitali, maana mimi ndiye niliyesaidiana na Bi Kidawa kuosha.

Bi Kidawa alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Unguja, mtu mzima, na alikuwa na pumu. Kwa hiyo siwezi kusema ile sheria ilitungwa na watu wabaya. Gari likiwaka asubuhi lilitoa moshi mweusi mpaka nguo kwenye kamba zinanuka, na Bi Kidawa alifunga dirisha kwa kishindo.

"Othmani! Ngoja nife kwanza ndiyo unibebe! Usinimalize mapema!"

"Wewe hufi, Bi Kidawa. Moshi wote huu umekushindwa."

Jambo moja sijalisema. Jina la mjomba halikuwemo kwenye kadi ya gari. Karatasi zake za kuishi hapa ni zile za kuongezwa muda kila baada ya miezi, na kwa karatasi hizo alikataliwa kuliandikisha. Hapa tulipo watu wanaishi hivi: mwenye karatasi nzuri anamwazima jina asiye nazo. Duka lina jina la huyu, umeme una jina la yule. Gari letu lilikuwa na jina la Gustave, Mkongo wa Bukavu anayekaa Turffontein, dereva wa kampuni moja ya ulinzi. Na mtu akishakuazima jina, humuulizi tena habari zake. Ni sawa na kumuuliza mtu chakula alichokulisha kilitoka wapi. Hilo ndilo lililotuponza.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi inakata, Gustave alikuja kututembelea. Siku zote alikuja na gari la kampuni, redio inakoroma ndani, na viatu vyake virefu vyeusi vinang'aa. Siku hiyo alishuka kwenye teksi ya abiria kule barabara kubwa, akaja kwa miguu. Alikuwa na raba.

"Mkubwa!" mjomba akampokea. "Leo umekuja bila bunduki? Wezi wakitaka kutuvamia itakuwaje?"

"Eish, mzee. Leo niko raia tu."

Nikawawekea chai. Mkanda wa Gustave ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, halikunyooka na yale mengine.

"Diski ya gari inaisha mwezi ujao," mjomba akasema. Ile karatasi ya leseni inayobandikwa kioo cha mbele, Gustave ndiye aliyekuwa akienda kuitoa kila mwaka. "Usinisahau, mwanangu."

"Nitaangalia, mzee." Alikuwa analitazama gari kupitia dirishani, jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa rafiki yake ambaye amemng'ata. "Inaingiaka hapa kila siku?"

"Kila siku! Ile kamera sanamu, wallahi."

Nilimwona Gustave akifungua mdomo. Kisha akaufunga, akajitilia kijiko cha nne cha sukari.

Lakini zile raba hazikunitoka akilini. Alhamisi Bi Kidawa alikaanga sambusa, nikamwomba kumi, nikajituma mwenyewe mpaka Turffontein kwa Jeanne, mke wa Gustave. Sisi tunamwita Mama Gradi. Gradi alikuwa mtoto wao wa kwanza, alikufa hana hata mwezi, miaka mitatu sasa.

Mama Gradi ni msusi. Nilimkuta anashona nywele kwenye kichwa cha plastiki, sindano mdomoni. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Yasmini, sema kweli. Sambusa haivuke mji muzima yenyewe."

"Nimemwona Baba Gradi hana viatu vya kazi."

Akaitoa sindano. Akamalizia mstari aliokuwa anaushona, polepole, kisha akainama chini ya kitanda akatoa kopo la biskuti.

"Wewe unajua kusoma. Soma."

Zilikuwa barua. Zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, kopo limejaa. Kila moja ina jina la Gustave juu, na katikati ina picha ya gari letu, nyeusi na nyeupe, na tarehe. Kiasi cha faini sikukitazama mwanzoni. Nilitazama tarehe. Hii ilikuwa siku ya Bi Zuhura wa cherehani. Hii ilikuwa siku ya yule baba wa Tanga aliyeanguka kwenye ngazi. Katika moja mimi mwenyewe naonekana kiti cha mbele, nimejitanda kanga, naitazama kamera moja kwa moja. Siku ile nyuma yangu alikuwa amelala mwanamke tuliyemchukua hospitali, na nilikuwa nimemwambia mjomba, imetupiga picha tena.

"Kadi yake ya kuendesha iliisha," Mama Gradi akasema. "Akaenda kuifanya upya. Wakamuambia, bwana, uko na barua hizi zote, hatukupe kitu. Na kazi yake ni kuendesha. Kampuni ikangoja mwezi moja. Kisha wakamuambia kwenda."

"Kwa nini hakutuambia?"

"Aseme nini?" Alicheka, kicheko kibaya. "Mzee alibeba Gradi. Mimi nilikuwa na kisanduku hapa, juu ya magoti, na mzee akaendesha polepole, polepole, watu wa nyuma wanapiga honi, yeye hajali. Akakataa hata pesa ya mafuta. Mimi namuambia Gustave kila siku, enda useme. Ananijibu: Jeanne, mutu amebeba mtoto yako, leo unaenda kumulilia juu ya makaratasi?"

Nikamwomba barua tatu. Akanipa. Sambusa hakuzigusa mpaka naondoka.

Mjomba hasomi Kiingereza, lakini picha ni picha. Nilizitandaza mbele yake mkekani baada ya alasiri. Akazitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye tarehe moja.

"Hii siku ya Zuhura."

"Ndiyo."

"Zote zimekwenda kwake?"

"Kopo zima, mjomba. Kazi wamemfukuza."

"Na Jumapili alikaa hapa akanywa chai yangu."

Nikamsogezea barua ya tatu.

"Nikamwambia habari ya diski," akasema. Akaziokota zile barua, akazilinganisha pembe kwa pembe kama mtu anayepanga karata, akanirudishia. "Wewe uliniambia, Yasmini. Uliniambia."

Nyuma ya kila barua kulikuwa na maneno madogo. Nilimsomea, nikikwama narudia. Gari haliuziki, halihamishiki jina, mpaka faini zote zilipwe, na jumla yake ilishaipita bei ya gari lenyewe. Au mwenye gari alilete lenyewe kwenye yadi yao, liuawe, na faini zote zifutwe. Hakukuwa na la tatu. Usiku ule mjomba hakula. Asubuhi akampigia Gustave, nikashika simu ili wote tusikie.

"Mzee, hapana. Ile gari siwezi kuitilia saini ikufe. Gradi alikuwa ndani mule."

"Gradi yuko kaburini, mwanangu. Ndani ya gari hayumo. Njoo na kitambulisho chako."

"Na wewe utakula nini?"

"Njoo na kitambulisho."

Tulikwenda Jumanne, watu watatu kiti cha mbele. Yadi ilikuwa pembeni ya mji, imejaa magari kama letu, makubwa, ya zamani, yamepangwa yakiwa na vumbi la safari bado kwenye matairi. Mbele yetu Kaburu mmoja mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi karibu na gari lake. Gustave alitia saini mara tano. Karani akamwambia arudie moja. Kisha akaja mtu mwenye drili ya umeme, akafungua boneti, akaitoboa injini ubavuni. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Oili ikatoka kidogo kidogo, ikapita chini ya viatu vya mjomba. Mjomba hakusogea.

"Sharp, madala," yule mtu akasema, yaani tayari, mzee, akahamia gari lingine.

"Ahsante," mjomba akamjibu.

Faini zilifutwa kweli. Gustave alipata kadi yake ya kuendesha, akaenda nayo kwenye kampuni, wakamwambia nafasi ilishajazwa. Mpaka leo anatafuta. Mjomba anapakua maboksi kwenye duka la Wasomali, kwa siku, na mgongo wake si wa kazi hiyo.

Mwezi wa nane Bi Kidawa alifariki. Alfajiri ya Jumatano kifua kilimbana, dawa yake ya kuvuta haikusaidia, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali akawa ametulia. Nilimwosha mwenyewe na wanawake wawili wa msikitini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na upande wa kulia. Mjomba akapiga simu kwa chama cha mazishi. Bi Kidawa hakuwa mwanachama, na mbele yetu kulikuwa na majina mengine. Wakasema kesho.

"Kesho," mjomba akarudia. Akaketi kwenye ngazi.

Akampigia Gustave, amwombee marehemu dua tu. Gustave akamwuliza mazishi ni saa ngapi. Kanisa lao lilikuwa na pikapu, lakini nayo ilikuwa ya dizeli, nzee. "Siingie kwenu, mzee. Nitangoja pale roboti, upande wa inje. Muniletee mama."

Baada ya adhuhuri wanaume walimswalia, wakalipandisha jeneza mabegani. Walipopita madukani Wasomali walitoka, mmoja mmoja, wakaingiza bega, wakatembea hatua kadhaa, wakawapisha wengine. Sisi wanawake hatufuati mpaka makaburini, lakini mimi niliwafuata kwa mbali mpaka kona.

Roboti ilikuwa nyekundu. Walipita chini ya nguzo, watu zaidi ya hamsini na Bi Kidawa juu yao. Nilikitazama kile kijicho cha kamera. Hakikupepesa.

Ng'ambo, Gustave alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa pikapu, injini ameizima. Wakamlaza. Mjomba akapanda, akakaa karibu na jeneza, akageuka kutazama walikotoka. Kutoka pale mlango wetu unaonekana. Ni mitaa minne.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema. "Lile gari lingeweza kulala hapa."

Gustave aliinamisha kichwa. Kisha akaenda kukaa kwenye usukani, akawasha gari, na moshi mweusi ukatufunika wote.