Kichwa cha Shuriye

Kwa wiki tatu Luul alimpaka mumewe mafuta kwenye paji la uso bila kujua anatibu nini. Shuriye alikuwa akirudi nyumbani karibu na adhuhuri, ngozi ya juu ya nyusi imekuwa nyekundu na kuchubuka, mchanga umejaa kwenye nywele. Akiulizwa ameanguka wapi, alicheka.

"Tumeshinda," alisema.

Miaka kumi na minane Shuriye alikuwa beki wa kati wa timu ya mtaa wao wa Wabera, na Isiolo nzima ilimwita Nyundo. Kona ikipigwa, au kipa wa wapinzani akiupandisha mpira hadi katikati ya uwanja, mpira huo ulikuwa wake, na aliupiga kwa kichwa. Enzi zile mpira ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe. Mazoezini kocha aliufunga mmoja kwenye wavu, akauning'iniza kwenye mwamba wa goli, na Shuriye akaurukia mara hamsini kabla hajaruhusiwa kunywa maji. Siku za mechi alirudi nyumbani akaketi kitandani, kichwa amekishika kwa mikono miwili, akamwomba Luul afunge dirisha kwa sababu mwanga unamuumiza. Luul alikuwa ameolewa juzi tu. Aliona fahari. Sasa, kila alipoikumbuka fahari ile, aliona aibu.

Ugonjwa ulianza na majina, kisha ukaingia kwenye barabara. Shuriye alikuwa dereva wa lori la mifugo, na siku moja, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, alipotea njia ya kutoka Oldonyiro aliyoiendesha nusu ya maisha yake. Walimkuta amesimama porini, ng'ombe wanalia kwa kiu nyuma ya lori, yeye anaangalia usukani kama kitu cha mtu mwingine. Daktari wa ubongo huko Meru aliuliza maswali mengi, na alipofika kwenye mpira akaweka kalamu chini.

"Mama, siwezi kuapa kwamba ni mpira peke yake," alisema. "Lakini waliopiga vichwa miaka mingi, hasa mabeki, wameonekana kupatwa zaidi na ugonjwa huu wa kusahau kuliko watu wengine. Kila pigo linautikisa ubongo, hata kama mtu hakuzimia. Sasa asiguswe tena hapo. Hata kwa mchezo."

Luul aliyashika maneno hayo. Ndiyo maana michubuko ile aliyoipaka mafuta ilimkosesha raha.

Siku ya Jumatano binti yao Hoda, aliyefanya kazi katika duka la dawa, aliingia nyumbani na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hooyo, angalia," alisema, akampa mama yake simu.

Kwenye video Shuriye alikuwa amesimama mbele ya duka la mabati na misumari. Mkono ulirusha mpira. Akaupiga kwa kichwa. Vicheko. Ukarushwa tena, akaupiga tena. Luul alihesabu mara kumi na moja. Kati ya pigo na pigo mumewe alisimama mdomo wazi, ute unamtiririka hadi kwenye ndevu, akisubiri. "Nyundo hasahau kazi!" sauti ilipaa. "Lete ingine!" Watu mia tatu walikuwa wamewatumia wenzao video hiyo pamoja na vikaragosi vya kucheka.

Luul hakuhitaji kuuliza sauti ni ya nani. Ilikuwa ya Abdisamad, kapteni wa zamani wa timu, mwanamume aliyesimama shahidi kwenye nikaha yao.

Asubuhi iliyofuata alimwachia jirani yake sokoni, Kanana, mitungi yake ya maziwa ya ngamia, akamfuata mumewe kwa mbali. Shuriye alitembea moja kwa moja, bila kusita kwenye kona yoyote. Mtu asiyejua njia ya chooni! Mbele ya duka wanaume sita walikuwa wamekaa kwenye magunia ya saruji, wanatafuna miraa, povu la kijani kwenye pembe za midomo. Walipomwona Shuriye walipiga makofi.

Mpira wa kwanza ulirushwa Luul akiwa hatua kumi tu kutoka pale. Aliisikia sauti ya kichwa cha mumewe. Kwenye video haikusikika vile. Ilikuwa sauti nyevu, butu.

Aliudaka mpira ulipodunda. Ulikuwa unateleza kwa jasho na mate ya Shuriye, vumbi la saruji limegandia juu yake.

"Ah, mama Hoda," Abdisamad alisema, akishusha simu. "Salaam aleikum. Usikasirike, shemeji. Huyu anafurahia, walahi. Muulize mwenyewe."

"Hata mbwa anafurahia ukimrushia mfupa. Huyu ni mbwa wako?"

Kicheko kimoja kilitoka kwenye magunia kikakatika.

"Daktari alisema asiguswe kichwa. Wewe nilikuambia mwenyewe, kwa mdomo huu, ulipokuja kumwona siku ya Idi."

"Ni mpira tu, shemeji. Sote tulicheza."

"Basi cheza." Luul aliurusha kwa nguvu zake zote, moja kwa moja usoni pake.

Abdisamad aliinamisha kichwa, akaudaka kwa mikono.

"Mbona mikono?" Luul aliuliza. "Si ni mpira tu?"

Mwanamume yule aliutazama ute uliomganda viganjani. Akajifuta kwenye kikoi chake. "Mimi nilikuwa winga," alisema polepole. "Sikupenda kupiga kichwa. Nilikuwa napiga kona tu."

"Na nani alikuwa anazipokea?"

Luul alimwangalia mumewe, ambaye bado alikuwa amekunja magoti kidogo, tayari, macho kwenye mpira. Alimshika mkono akamwongoza nyumbani. Njiani alitapika kando ya barabara, na Shuriye akampigapiga mgongo kwa upole, kama mpita njia mwenye huruma.

Abdisamad alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akiburuta kondoo wa kuomba msamaha. Luul alisimama mlangoni.

"Rudi na kondoo wako."

"Nimefuta ile video, shemeji."

"Watu mia tatu wako nayo."

Kutoka ndani sauti ya Shuriye ikapaa, changamfu, ya kijana. "Abdisamad! Ni wewe? Ingia bwana! Mechi ni saa ngapi?"

Luul aligeuka kutazama ndani. Miezi saba mumewe hakuwa ametaja jina la mtu yeyote. Luul mwenyewe aliitwa naye mama wa maziwa. Na jina lililobaki, kati ya majina yote ya dunia, lilikuwa hili.

Alijisikia mchafu kwa alichokuwa anakaribia kufanya. Lakini aliisikia tena furaha ile mle chumbani, akasogea pembeni.

"Utaongea naye ukiwa umekaa," alisema. "Mikono yako niione."

Walikaa hadi alasiri. Shuriye alieleza goli moja mara nne, na Abdisamad alisikiliza mara zote nne, akilia. Alipoondoka, Luul alikiosha kikombe alichonywea mgeni wake mara mbili kwa maji ya moto, akakiweka mbali na vingine. Ijumaa iliyofuata alipobisha tena, alimfungulia.