Upepo wa Siku ya Gulio

Kila Bi Hester alipoomba farasi wake jike apandishwe, Bwana Trethewey alikataa: farasi wake dume, Sultani, hampandi jike anayevuta mkokoteni wa keki.

"Punda yule?" alikuwa akisema. "Sultani ana heshima zake, mama!"

Siku ya gulio la kuchangia paa la kanisa, Trethewey alitoa ahadi: atakayeshinda mnada, jike wake atapandwa na Sultani, na fedha zote ziende kwenye paa. Akamtembeza dume huyo chini ya mikaratusi, shingoni utepe wa rangi za bendera ya Malkia, huku wafugaji wa bonde zima la New South Wales wakipandishiana bei.

Ghafla Sultani akainua pua. Akalia, akakata kamba, akapita katikati ya hema la chai, akapindua meza ya jamu, moja kwa moja hadi nyuma ya mkokoteni wa Bi Hester, alikofungwa yule jike. Mke wa mchungaji aliwaziba mabinti macho kwa kofia yake. Wanaume walipofika wakihema, shughuli ilikuwa imekwisha.

"Mwizi wewe!" Trethewey alifoka. "Umeniibia mbegu!"

"Mwizi nani, bwana wee?" Bi Hester alijibu, akiendelea kukata keki. "Jike wangu yupo palepale nilipomfunga. Hiyo kamba iliyokatika ni ya nani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Bi Hester hakumwambia mtu kwamba jike alikuwa anataka dume tangu juzi, wala kwamba alfajiri alizunguka uwanja wote, kidole kimoja kimelowa mate, akitafuta upepo unatokea upande gani.