Chakula cha Ackson

Wiki ya pili sasa Naseeb alikuwa anakula ndizi za kuchemsha bila nyama, kwa sababu ya mwanamume ambaye hayupo.

Mwanamume huyo aliitwa Ackson, mgane wa Kisondela, mkulima wa parachichi. Alikuwa ametungwa na Rahma, mke wa Naseeb, aliyeandika riwaya kila siku baada ya sala ya alfajiri mpaka muda wa kufungua duka lao la vitambaa Tukuyu mjini. Rahma alikuwa na utaratibu wake: mhusika hasimami mpaka nyumba nzima imekula anachokula yeye. Alipoandika habari za bibi kizee asiye na meno, walikunywa uji mwezi mzima. Naseeb hakulalamika. Bibi kizee hakuwa na mabega mapana.

"Nyama imemkosea nini huyu Ackson?" aliuliza asubuhi hiyo, mvua ikipiga bati.

"Mkewe ndiye aliyekuwa akiipika. Alipokufa, akaacha."

"Mbona wangu yupo?"

"Kula, baba Siham, zinapoa."

Juzi Naseeb alimkuta mkewe kwenye mitumba ameshika koti la kiume, analipima kwa macho. Akadhani ni lake. Akalivaa, mikono ikamfunika vidole.

"Ackson ni mrefu," Rahma alisema, akalirudisha kwenye rundo.

Lakini kilichomuuma zaidi ni maswali. Kila alfajiri alimsikia mkewe pale mezani akimwuliza Ackson kwa sauti ya chini: kovu hilo ulilipata wapi? Unaogopa nini? Naseeb mwenyewe, miaka yote ya ndoa, aliulizwa tu kama gesi imeisha.

"Leo kakwama," Rahma alisema, akiangalia sahani. "Naandika enzi mkewe yuko hai: mke yuko ndani anajifungua, yeye yuko nje. Sijui mikono yake inafanya nini. Nimemwuliza, kanyamaza."

Naseeb alifurahi. Kumbe jamaa ni bubu.

"Mimi nilimenya ndizi," akasema.

"Ndizi gani?"

"Siku aliyozaliwa Siham. Nilinunua mbivu, nikakaa nje ya wodi nikamenya moja baada ya nyingine. Sikula hata moja. Mlinzi akaniuliza kama nafuga nyani."

Rahma alicheka, kisha akaacha. Akasogeza kiti.

"Uliogopa nini?"

"Kurudi nyumbani na kitenge chako mkononi, wewe hupo."

Rahma alimtazama usoni. Naseeb alihisi joto mpaka masikioni. Halafu akaona mkono wa mkewe unatambaa kuelekea kalamu.

"Unampa yeye?"

"Ni nzuri mno, baba Siham."

"Ni yangu."

"Sasa mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza. Yeye unamwuliza kila siku."

Rahma alisimama. Akaichomeka kalamu kwenye kilemba, akaenda kufungua duka bila kuandika neno.

Jioni, harufu ya nyama ilimpokea Naseeb mlangoni. Ndizi zilikuwa zimeiva nayo chungu kimoja, mchuzi mzito.

"Ackson kaanza kula nyama?"

"Ackson bado yuko nje ya wodi, mikono mfukoni. Atajijua. Hii ni yako."

Rahma alikaa kumwangalia akila. Naseeb alitafuna taratibu, akimchungulia usoni, aone kama anamtazama yeye au anatazama jinsi mwanamume anavyotafuna.