Jibu la Kwanza

Mudathiri alinunua betri za kinasa sauti pale Kibiti, katika duka lililokuwa la ushirika na sasa lilikuwa la mtu. Zamani betri zilikuwa za aina moja na hazipatikani. Siku hizi, tangu soko huria liingie, zilikuwa za kila aina na hazidumu. Mwenye duka alimwuliza aendako na mkoba mzito namna ile, naye akajibu kwamba anakwenda visiwani, ng'ambo ya Kiongoroni, kutafiti jinsi walimu wapya wanavyolelewa na wakongwe kazini.

"Kwa Mwalimu Kondo," alisema mwenye duka. "Nisalimie. Mwambie maziko yake tulihudhuria."

Mudathiri aliahidi kuzifikisha salamu, akaomba apunguziwe bei ya betri, akanyimwa.

Alikuwa mtoto wa Ikwiriri, mwanafunzi wa digrii ya pili kwa miaka mingi kuliko digrii yenyewe ilivyohitaji. Mama yake alikwisha acha kuwaambia majirani kwamba mwanawe anasoma. Siku hizi alisema tu kwamba yuko Dar. Kazi hii ya utafiti aliipata kwenye mradi wa wafadhili. Ilikuja na posho, kofia yenye jina la mradi, na sharti moja ambalo mtaalamu wa mradi alilirudia kwenye semina mpaka likamkaa kichwani: jibu la kweli ni jibu la kwanza, kabla mhojiwa hajaanza kulipamba.

Mudathiri alijua kwamba kwao mambo ni kinyume. Mtu anayepelekwa hospitali kwa machela akiulizwa hali husema hajambo. Jibu la kwanza ni la kumkaribisha mgeni, habari yenyewe huja nyuma, baada ya "ila". Yeye mwenyewe, alipofiwa na baba yake, aliulizwa habari za Ikwiriri akasema nzuri, ila mzee tumemzika jana. Basi kwenye semina ile alinyosha mkono ili alieleze hilo. Wakati huohuo chai ikaletwa, na mkono uliokwisha nyoshwa akautumia kuchukulia sambusa.

Shule ilikuwa na vyumba vitatu na walimu wawili, mmoja hai na mmoja marehemu. Marehemu alikuwa Mwalimu Kondo. Alikufa kwa homa wakati wa masika, serikali ikiwa imesimamisha ajira. Alizikwa Ijumaa, nyuma ya uwanja wa mpira, na Jumatatu, kwa kuwa hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, akarudi kazini. Wanakijiji walimwuliza Shehe Abdulhalim, naye akawaambia jambo hilo si la dini, ni la Wizara. Kamati ya shule ilichanga ikamnunulia koti la mtumba la kuvaa juu ya sanda, maana mwalimu ni mavazi. Hakusaini daftari la mahudhurio na hakugusa chaki, kwa sababu chaki iligawiwa kwa idadi ya walimu walio hai.

Huyo aliye hai alikuwa Mwalimu Semeni, binti wa Chumbi, aliyetoka chuo moja kwa moja akaangukia kisiwani kabla ajira hazijasimamishwa. Kondo ndiye aliyemlea. Mudathiri aliketi nyuma ya darasa na kinasa sauti chake, akamwona Semeni akifundisha hesabu za sehemu kwa pishi za mpunga, kama alivyofundishwa yeye kwao, na watoto wakimtazama tu kwa adabu. Kondo alisogea akamnong'oneza.

"Mwanangu, hawa baba zao wakata mikoko. Wape korija ya boriti, ishirini nzima, nusu ibebwe na boti, robo iliwe na bwana misitu. Halafu uone."

Semeni akawapa korija ya boriti. Mikono ikanyoshwa darasa zima, na mtoto mmoja akauliza kama bwana misitu hula robo tu. Mudathiri aliona raha ya kweli moyoni, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyasoma vitabuni kwa miaka yote ile bila kuyaona. Aliandika ukurasa mzima. Betri zilikufa hapo hapo.

Adhuhuri Kondo alivua koti, akalitundika msumarini, akarudi kaburini. Ruhusa yake ilikuwa ya asubuhi tu. Semeni alibaki na madarasa yote, akitembea mlango hadi mlango huku ameshika kiuno, maana alikuwa mjamzito na mimba ilikwisha kuwa nzito. Mudathiri alimhoji alasiri, watoto walipoondoka.

"Habari za kazi, Mwalimu?"

"Nzuri."

"Na mlezi wako?"

"Mzuri sana, tunashukuru." Semeni alikung'uta chaki mikononi. "Ila kachoka, kaka yangu. Kila asubuhi huniuliza kama mtu wake kaletwa. Na miye nataka nikajifungulie kwetu, huku hakuna mkunga wala dawa. Lakini nikitoka shule haina mwalimu hai, itafungwa, na watoto wote mikokoni. Naomba waniletee mmoja tu aliye hai. Andika na hilo."

"Nitaandika," alisema Mudathiri.

Na alikusudia kweli. Jambo la kwanza alilojaza kwenye karatasi za mradi ni hali ya ajira ya mlezi, ambapo alitakiwa kuchagua kati ya kazini, likizo na kustaafu. Aliona likizo ndiyo inayokaribia. Kisha akafika kwenye swali la mwalimu anaionaje hali ya kazi. Palikuwa na nafasi ya neno moja. Akaandika "nzuri" na kuitafsiri kwa Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kujifaragua, ikatoka nzuri zaidi ya ilivyosemwa. Lile la "ila" alilihifadhi kwa ajili ya tasnifu yake, sura ya nne. Alikuwa hajamaliza sura ya kwanza.

Wataalamu walifurahi kupita kiasi. Hapa palikuwa na mlezi wa walimu asiyedai mshahara, nyumba wala nauli, na mlelewa aliyeridhika. Mudathiri alipelekwa ng'ambo kwenye mkutano, akapigiwa makofi, akarudi na koti jipya. Shule nyingine zikaagizwa zichunguze kama makaburi ya kwao yana walimu wenye cheti. Na mwalimu mmoja, aliyekuwa apelekwe kisiwani ajira zilipofunguliwa, akabakizwa shule ya kandokando ya barabara, kwa maelezo kwamba kisiwani hakuna upungufu.

Mwaka uliofuata mradi ulimrudisha Mudathiri akapime maendeleo. Alikuta kijana aitwaye Bashiru ubaoni, ametoka chuo juzi, akifundisha sehemu kwa mfano wa mikate. Nyuma ya darasa alikaa Semeni. Alikuwa amevaa lile koti la mtumba, mikono imekunjwa kwa kuwa lilimzidi, na chini ya koti sanda. Alimnong'oneza Bashiru neno, Bashiru akafuta mikate, akaandika korija. Mwalimu Kondo hakuwapo. Alikuwa amepumzika, maana mtu wake alikwisha patikana. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja hai, kama kawaida.

Mudathiri alijua kilichotokea kabla ya kuambiwa. Ilimuuma, akatamani aulizwe na mtu kwa ukali, lakini hakuna aliyemwuliza. Walimletea kiti na dafu.

"Habari za tangu siku ile, Mwalimu?"

"Nzuri," alisema Semeni. "Ila nilifariki mwezi wa Shaabani, botini, kabla hatujafika bara. Mtoto mzima. Yuko kwa bibi yake Chumbi."

Mudathiri alimpa pole, naye akaipokea.

"Na huyu kijana sitaki ahangaike kama miye," Semeni aliendelea. "Waleteni mmoja tu aliye hai. Andika na hilo."

"Nitaandika," alisema Mudathiri.

Alifungua karatasi za mradi. Mwaka huo nafasi ya jibu ilikuwa imeongezwa, yakaweza kuingia maneno mawili. Akaandika: nzuri sana.