Wanyama wa Sayari Nyingine Sebuleni kwa Bi Mwatima

Mwalimu Petronila alifundisha baiolojia sekondari, hapo Konde kisiwani, na alipanga chumba kwa Bi Mwatima, mjane aliyekaribia miaka sitini. Bi Mwatima alikuwa na mapenzi yake: filamu za wanyama wa kubuni, wale wa sayari za mbali. Haidar, mwenye duka la simu sokoni, alimjazia filamu hizo kwenye flashi, na kila Jumamosi baada ya Alasiri Bi Mwatima aliziangalia huku akimenya muhogo. Mpangaji wake alialikwa mara moja, na tangu siku hiyo hapakuwa na amani.

Petronila hakuacha kitu bila kukikosoa. Lilitokea dude zito kama tembo linaruka kwa mbawa za kipepeo, akauliza mifupa yake imetengenezwa na nini, maandazi? Wakaja watu wa kijani, akasema hao ni jirani zetu waliopakwa rangi na kuvutwa masikio. Sayari nzima imejaa wala nyama wenye meno nje ya midomo, na hata panya mmoja wa kuliwa hayupo. Alisema waliobuni mambo hayo hawakupita hata kidato cha pili. Bi Mwatima alimenya muhogo wake, akamwomba tu apunguze sauti.

Jumamosi moja akatokea mnyama asiye na kichwa. Alikuwa bapa, ana mikono mitano, mdomo uko chini ya mwili. Alimkumbatia mnyama mwenye gamba, akalifungua kidogo, kisha akalitoa tumbo lake nje, akaliingiza ndani ya lile gamba, akala humo humo.

Petronila alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema sasa wamechoka hata kudanganya. Mnyama gani anatuma tumbo likale, mwenyewe akabaki nje?

Bi Mwatima aliweka kisu chini.

"Mwalimu, huyo ni kiti cha pweza, yumo humu humu baharini kwetu."

Petronila akasema kiti cha pweza anakijua, na tena anakifundisha. Hapo hapo ikamjia ile sura ya kitabu, mchoro na mishale yake, na sentensi aliyoinakili ubaoni miaka minane mfululizo: hutoa tumbo nje wakati wa kula. Hakuwa amewahi kuifikiria hata siku moja.

"Umesomea wanyama," Bi Mwatima alisema, bila kupandisha sauti, "lakini wanyama wenyewe hujawaona."

Petronila alijibu kwamba kwao Bukoba bahari hakuna, kisha akaenda chumbani kwake. Ilimuuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Lilipofika bamvua, maji yalipotoka mbali, Bi Mwatima alimpeleka pwani anakookota chaza tangu utotoni. Walitembea kwenye matope hadi magotini. Kwenye kidimbwi wakakuta kiti cha pweza kimemlalia chaza. Bi Mwatima alikigeuza taratibu. Katikati ya ile mikono kulikuwa na kitu cheupe, laini, chenye unyevu, kinarudi ndani polepole. Petronila alichuchumaa mpaka sketi ikalowa, akaomba wakitafute kingine.

Wiki iliyofuata aliwapeleka pwani wanafunzi wa kidato cha tatu, kisha akawaagiza kila mmoja abuni mnyama wa sayari nyingine. Ilikuja michoro thelathini na tisa. Akamwomba Bi Mwatima aikague, akidhani mama wa watu ataona haya kuikosoa mbele ya watoto.

Bi Mwatima hakuona haya. Alikaa mbele ya darasa na miwani yake puani, akaipitia mmoja mmoja. Huyu atakufa njaa kabla ya Magharibi. Huyu ana macho sita, yote yanatazama mgongo wake. Huyu ni mbuzi, mwanangu, umemwongezea taa tu. Darasa lilicheka, na waliosemwa wakacheka pia, wengine kwa shida.

Akafika kwenye mchoro wa Nusaiba, binti mkimya wa kiti cha nyuma. Mnyama wake alijifunga kama fumbato la mkono jua likiwaka, na umande ulipoanguka alifunguka, akaunywa kwa ngozi. Bi Mwatima aliutazama muda mrefu. Akauliza umande ukikosekana siku tatu inakuwaje. Nusaiba akasema mnyama analala, haamki mpaka upatikane.

"Huyu ataishi," Bi Mwatima akasema, na akamkabidhi mwalimu karatasi ile, mbali na zile nyingine.