Kidevu cha Mke wa Fundi

Mke wa fundi viti alikuwa kibogoyo, tena kibogoyo kamili, asiye na hata gego moja la kusingizia. Meno yalimtoka moja baada ya jingine, fizi zikapona, akazoea vyakula vya kupondaponda. Kula hakukumsumbua. Kilichomnyima raha ni kidevu. Kila mwaka kilizidi kupanda kuitafuta pua, na mashavu nayo yakazama ndani.

Mumewe hakuyaona hayo. Macho yake yalizimika zamani, mkewe angali na meno yote kinywani, na tangu hapo aliujua uso ule kwa vidole. Akimaliza kusuka viti vyake alinyoosha mkono, naye mkewe akausogeza uso upapaswe. Lakini meno yalipokwisha, mkono ukija, uso unakimbia. Leo nina jasho, kesho nimepaka mafuta, keshokutwa shingo inauma. Mzee si mtoto. Mwisho akaacha kuunyoosha mkono, na mama wa watu akabaki kuutamani mkono alioufukuza mwenyewe.

Kama hayo hayatoshi, herufi F nayo ilimtoroka. F inataka meno ya juu yauguse mdomo wa chini, yeye atayatoa wapi? Jina alilomwita mumewe tangu uchumba, Fundi, likawa Pundi. Majirani, ambao masikio yao hayana dini, wakasikia Punda. "Mama, leo punda wako amekula?" wakamchokoza. Mzee mwenyewe aliitika vilevile, kwa raha zake.

Ndipo alipokwenda kwa daktari wa meno, binti mwenye mikono myepesi. Binti akamwamkia, kisha akapitisha kidole juu ya taya la chini.

"Bibi, umekaa bila meno muda mrefu."

"Nilikuwa nayangoja yarudi."

Daktari alicheka, kisha akamweleza. Mfupa wa taya, alisema, unapewa kazi na mizizi ya meno. Mizizi ikiondoka, mfupa unakosa kazi na kupungua kidogokidogo, wa chini zaidi kuliko wa juu. Ndiyo maana kidevu kimepanda.

"Na huo mpupa utarudi?"

"Haurudi, bibi. Meno ya bandia yatainua mashavu na midomo, lakini chini pamekuwa bapa, hayatashika sawasawa. Itabidi uyatulize kwa ulimi na mashavu. Na mfupa utaendelea kupungua, kwa hiyo uwe unarudi tuyarekebishe."

"Nipe tu, mwanangu. Mimi sitaki ya kutapuna. Nataka uso."

Akachukuliwa chapa za fizi, akajaribishwa meno ya nta, akaenda na kurudi. Siku alipokabidhiwa yake alijitazama kwenye kioo, akamwona mwanamke aliyekuwa amemkosa sana. Kinywa kilijaa kama amebugia kiazi cha moto, lakini njia nzima alijifunza: "Fundi. Fagio. Funguo. Fundi." Waliopishana naye walidhani anakumbuka vitu vya kununua.

Alimkuta mzee amebana kiti katikati ya magoti, anakaza kamba.

"Fundi!" F ilitoka safi, na meno yakagongana kidogo.

Mzee hakuinua kichwa. "Karibu, mteja. Weka kiti chako hapo. Mke wangu katoka kidogo, akirudi atakupa siku ya kukifuata."

Mkewe akamsogelea. "Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mkeo!"

Mzee akaiachia kamba. Mkewe alipiga magoti mbele yake, akaushika ule mkono uliokwaruzwa na kamba, akauweka shavuni. Vidole vikasita kwanza, kama mgeni mlangoni. Kisha vikatembea: shavu, midomo, kidevu. Mzee akatabasamu.

"Huyu namjua. Huyu ndiye niliyemwona mwisho kabla macho hayajazimika."

Mama akalia kwa furaha, hadi meno ya chini yakaanza kuteleza, akayawahi kwa ulimi. Mkono wa mzee haukuondoka.

"Na yule mwingine yuko wapi?"

"Yupi tena?"

"Anayeniita Pundi. Nimekula naye, nimelala naye, miaka yote hii, lakini uso wake hajanipa hata siku moja. Nikadhani nimemkosea."

Mama aligeuka pembeni, mazoea yana tabu. Halafu akarudi. Akatoa meno ya chini, akatoa ya juu, akayafunga kwenye leso. Uso ukaanguka mahali pake pa siku zote. Akaushika tena mkono wa mumewe, akauleta.

Vidole vilishuka hadi kwenye taya, pale mfupa ulipokuwa umekwisha, vikatulia hapo.

"Kumbe umepungua hivi," mzee akasema taratibu, "na mimi sikuwepo."