Walinzi wa Tanner Stroud

Mashine ya kukaushia nguo ilikuwa imekufa tangu katikati ya wiki, kwa hiyo Dell Pruitt alikuwa akizitandaza suruali za timu juu ya uzio wa nyuma ya shule, akiomba upepo wa Texas umalize kazi kabla ya mechi. Mechi ilikuwa alasiri hiyohiyo. Zamani walicheza Ijumaa usiku kama miji mingine yote, lakini taa za uwanja ziliungua mwezi wa nane na bodi ya shule ikasema hakuna fungu la kuzitengeneza. Ubao mpya wa matokeo, mkubwa kama ukuta wa kanisa, ulipatikana bila shida yoyote. Basi kila Jumamosi mji wa Dalby uliishuhudia timu yake ikichapwa mchana kweupe.

Dell alikuwa kocha wa ushambuliaji wa timu hiyo ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi na kugongana. Siku za kawaida aliwafundisha watoto wa shule hiyo kuendesha magari, na kama makocha wote wasaidizi alifua jezi, akaendesha basi, akafagia chumba cha kubadilishia nguo. Timu ilikuwa imecheza mechi tano na kupoteza zote. Katika hizo tano ilikuwa imeuvusha mpira mstari wa mwisho mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa bahati.

Alfajiri mkewe, Noreen, alikuwa amekuta mtu amechomeka kibao kwenye majani mbele ya nyumba yao: NYUMBA INAUZWA. Hakikuwa cha dalali. Alikichomoa mwenyewe, akakiegemeza kwenye pipa la taka, akaingia jikoni bila kucheka.

"Kule tulikotoka nako walianza hivi kabla ya kukufukuza," alisema. "Mimi sifungi tena vyombo kwenye maboksi, Dell. Nakwambia mapema."

Sasa, pale kwenye uzio, kocha mkuu Mabry alimjia akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Hakumsalimu.

"Nimetoka kuonana na Warren Stroud."

Dell aliendelea kutandaza. Stroud alikuwa meneja wa kiwanda cha nyama; bila kiwanda hicho Dalby ingekuwa njia panda tu. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha wazazi wanaoichangia timu, yule aliyenunua ule ubao. Na alikuwa baba wa Tanner, mrushaji wa mpira wa timu.

"Anasema mwanawe atavunjwa shingo," Mabry akaendelea. "Wiki iliyopita kaangushwa hadi mama yake akatoka uwanjani analia. Bodi inakaa Jumatatu."

"Kunijadili mimi?"

"Kutujadili sisi." Mabry akanywa kahawa. "Ila mimi nina mkataba, Dell. Wewe huna."

Alipoondoka, Dell alirudia kutandaza. Alijua ugonjwa ulipo. Hakujua dawa tu. Katika mchezo huu mrushaji si kitu bila wale vijana watano wakubwa wanaosimama mbele yake. Kazi yao haiandikwi magazetini: kujichimbia, kusukumana kifua kwa kifua, kumpa mwenzao nafasi ya kuona amrushie nani. Robo ya kwanza, watano wa Dell walikuwa ukuta. Kufika robo ya tatu wamekuwa pazia. Alikuwa ametazama video zao mpaka macho yakamtoka machozi. Aliwabadilisha namna ya kusimama, akawafokea, akawakimbiza kuzunguka uwanja baada ya mazoezi ili wapate pumzi. Wakazidi kuoza.

Aliinama kuokota glavu zilizobaki kwenye kapu. Jozi moja ilinuka klorini kama bwawa la kuogelea, na ncha za vidole zilikuwa zimelika. Zilikuwa za Efraín Bustillos, mlinzi wa kushoto. Dell alizishika kwa muda, kisha akaingia ndani kwenda kuzitupa.

Efraín alikuwa humo. Alilala chali juu ya godoro la mazoezi, na buti nyeupe za mpira kando yake. Wenzake walitakiwa kufika adhuhuri.

"Efraín."

Kijana alikurupuka. "Nishamaliza mashine ya pili, bosi, naingia ya—" Akamwona Dell.

Dell aliketi kwenye benchi. Mkono wa kijana ulikuwa na alama nyekundu kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, ngozi imechunika.

"Hiyo nini?"

"Mafuta. Mama alikuwa anakaanga."

"Mafuta gani yananuka klorini?"

Efraín aliushusha mkono wa fulana yake. "Kocha, ukijua itabidi useme. Bora usijue."

"Nusu nishajua."

Kijana alitazama dari. "Tunasafisha kiwandani," alisema mwishowe. "Usiku, wakishamaliza kuchinja. Mashine, sakafu, ndoano, kila kitu. Dawa yenyewe ukizubaa inakula ngozi."

"Wewe una miaka kumi na sita."

"Kule nina ishirini na mbili. Naitwa Ramón." Alijaribu kutabasamu.

"Nani mwingine?"

"Safu nzima, Kocha. Kasoro Boyd."

Wanne kati ya watano. Wale aliowaita wavivu mbele ya timu nzima. Wale aliowakimbiza.

"Baba yako anajua?"

"Baba bega limeisha. Alikuwa akikata mbavu hapohapo kiwandani, miaka na miaka. Walimpa barafu na wiki moja ya kupumzika. Sasa hata kuchana nywele hawezi." Kijana alijikuna shingo. "Tukilala madarasani siyo dharau. Na leo usikasirike tukiondoka bila kuoga. Jumamosi ni usafi mkubwa, tunaanza mapema. Gari linatufuata hapahapa."

"Ungeniambia nilipokuwa nawakimbiza."

"Ungetufanyia nini?" Efraín aliuliza. Haikuwa jeuri. Alikuwa anataka kujua.

Dell alitoka nje, akasimama kando ya basi la shule. Angeweza kuwaacha benchi, lakini waliokuwa nyuma yao walikuwa vitoto vya darasa la tisa, vingevunjika kama vijiti. Angeweza kupiga simu kwa wakaguzi wa kazi. Akawaza gari la serikali limesimama mbele ya nyumba ya kina Bustillos, mama yule akifungua mlango, na maswali yatakayofuata kuhusu nani alizaliwa wapi. Simu ilikuwa mfukoni. Aliigusa, akaiacha. Akawaza Jumatatu. Akawaza maboksi ya Noreen. Mwishowe alifanya lile moja alilojua kulifanya: akabadilisha mashambulizi.

Walipofika aliwakusanya kwenye maegesho.

"Leo hakuna pasi ndefu," alisema. "Tanner, mpira ukifika mkononi mwako, hesabu mbili, uwe umeshatoka. Rusha karibu, rusha pembeni. Na baada ya kila mchezo tunakusanyana duara, tunasimama, tunapumua. Hatupangi mstari mpaka mwamuzi akaribie kutuadhibu."

"Kama wazee," alisema Osvaldo, mnene kuliko wote katika safu.

"Kama wazee."

"Hesabu mbili, Kocha? Hata bibi yangu anaweza kumzuia mtu kwa hesabu mbili."

"Mlete. Namba ya kulia iko wazi."

Walicheka, na Osvaldo akasukumwa na wenzake. Tanner hakucheka. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, na jicho lake moja lilikuwa bado la zambarau.

"Baba anapenda pasi ndefu," alisema.

"Baba yako anapenda zaidi ubaki mzima."

Mechi ilipoanza, watu hawakuelewa. Timu ya Dalby ilisimama kwenye duara lake kama watu wanaosubiri basi. Ilirusha mpira wa yadi nne, ikarudi duarani kwake kusimama. Jukwaa likaanza kunung'unika, kisha kuzomea.

"Pruitt!" sauti moja ilimjia kutoka juu. "Unawafundisha kuegesha?"

Kicheko kikazagaa. Mabry alimsogelea, akamnong'oneza bila kufungua meno, "Hii nini, Dell? Hii nini?"

"Ngoja."

"Ningoje hadi Jumatatu?"

Kila mpira ulipochezwa Dell hakutazama mpira, alimtazama Efraín. Alikuwa akiinuka. Polepole, lakini akiinuka. Yadi nne, yadi tano, tatu, sita. Wapinzani walikuwa wanaruka na kufika kwa Tanner akiwa mikono mitupu, mpira umeshakwenda zake. Kabla ya mapumziko Tanner alirusha pembeni kwa kijana mmoja mwenye mbio, na yule akaambaa na mstari hadi mwisho. Kwa sekunde moja jukwaa lilinyamaza, kana kwamba limesahau jinsi ya kushangilia. Kisha likalipuka.

Robo ya tatu ilikuja, ile ya kila wiki, ile aliyoiogopa. Pazia halikufunguka. Ya nne, wakiwa nyuma kwa pointi chache na wamebakiza yadi moja kufika mstari wa mwisho, Dell alimwona Efraín amefumba macho ndani ya duara, kichwa kimelalia bega la Osvaldo. Wenzake walimwacha. Mwamuzi aliponyanyua mkono kuwaonya, Osvaldo alimgonga kofia, wakaenda wakajipanga. Mpira ulipotoka, Efraín alimwingia mtu wa mbele yake chini ya kifua, akamwinua, akamrudisha nyuma hatua baada ya hatua, na Tanner akapita mgongoni kwake bila kuguswa, kama mtu anayeingia kwao.

Walishinda. Watu waliruka uzio. Mama wa Tanner alimkumbatia Dell, akamwachia poda kwenye fulana. Yule wa kelele za kuegesha alimpiga mgongoni. Noreen alikuwa juu jukwaani, mikono yote kinywani. Na Warren Stroud alikuja, kofia mkononi, macho yamelowa kweli.

"Hata mara moja," alisema. "Hawajamwangusha hata mara moja. Umepata dawa, Dell. Jumatatu nitaongea mwenyewe."

Dell angeweza kusema asante.

"Warren, wanne kati ya wanaomlinda mwanao wanafanya usafi kiwandani kwako usiku kucha. Ni watoto. Mkono wa mmoja umeungua na dawa."

Uso wa Stroud haukubadilika haraka. Alimshika Dell kiwiko, akamsogeza kando na watu.

"Kwangu hakuna mtoto," alisema kwa utulivu. "Usafi ni wa mkandarasi. Anaajiri yeye, analipa yeye. Majina yao mimi siyajui."

"Unawajua. Umewashangilia sasa hivi."

"Nisikilize. Ukiwataja, mkandarasi anafukuzwa, mwingine anakuja, na zile familia zinalala njaa. Unataka hivyo?" Alimwachia kiwiko, akauvaa tena uso wake wa furaha. "Umeona wanavyoweza. Hivyo hivyo ulivyofanya leo, endelea."

Dell alibaki amesimama. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekitengeneza mchana ule kwenye maegesho: mchezo unaoweza kuchezwa na watoto wasiolala. Msimu mzima ungeweza kwenda hivyo.

Gari jeupe lilikuwa limeshafika nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, injini inaunguruma. Vijana watatu walikuwa ndani, bado na matope shingoni. Efraín alikuwa anakuja na buti zake mkononi. Dell aliwapita wote, akaenda akasimama mbele ya gari, viganja juu ya boneti.

"Wee mzee, toka!" dereva alipaza sauti dirishani.

"Timu haijaachiwa. Nina kikao nao."

Dereva akapiga honi, akaikandamiza. Efraín aliweka buti chini.

"Kocha, sogea."

"Leo ulale, Efraín. Usiku mmoja."

"Na kesho nani anatulisha? Ukinizuia leo, kesho nafasi yangu ina mtu." Aligeuka kulitazama gari. "Unataka kunisaidia mimi au unataka kujisikia vizuri?"

Dell hakusogea. Efraín akamkaribia, akamwekea mikono miwili kifuani, akashusha nyonga, akaanza kumsukuma. Taratibu, bila kumuumiza, hadi visigino vyake vikagusa ukingo wa lami.

"Nisamehe," alisema. Akaokota buti, akapanda, na gari likaondoka.

Tanner alitokea mlangoni, nywele zimelowa, uso unang'aa. "Kocha! Walinzi wangu wako wapi? Baba anatununulia piza timu nzima, nimewawekea meza ya mbele."

"Wameenda kazini."

"Kazini wapi, Jumamosi jioni?"

Dell alimtazama kijana yule, lile jicho lake la zambarau. Mbele ya ubao wa matokeo Stroud alikuwa amezungukwa na wajumbe wa bodi, anapigwa picha.

"Muulize baba yako," Dell alisema. "Nenda kamuulize sasa hivi."

Tanner alisita, kisha akakata uwanja kwa miguu mitupu, na alipokaribia aliita kwa sauti ileile aliyozoea kuitumia kuwapangia wenzake mchezo, sauti iliyofika hadi jukwaa la juu:

"Baba! Kina Efraín wanafanya kazi wapi?"